Mbwa Aliyewekwa Badala ya Ufunguo

Mama wa mtoto mmoja hulala jicho moja. Huyu wa hapa, hata hilo moja lilikuwa halifumbi vizuri. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare, na kazi yake ilikuwa kola. Kola ya shati la dereva, kola ya shati la mlinzi, kola ya mwanafunzi, kutwa nzima kola tupu, hata wenzake wakaacha jina lake wakamwita Kola. Alikaa na binti yake wa miaka kumi na mmoja, Kibibi, katika fleti ya chumba na sebule, ghorofa ya nne. Baba wa mtoto alishaoa kwingine, na habari zake ziliishia hapo.

Kilichomkosesha Kola usingizi ni masaa matano. Kibibi alitoka shule saa saba mchana. Yeye alifika nyumbani kwenye saa kumi na mbili jioni. Katikati hapo mtoto alikuwa peke yake, na mama hana habari hata moja, kwa sababu kiwandani simu zilikuwa zinawekwa asubuhi ndani ya sanduku la mlangoni, kila simu na kitundu chake chenye namba, sanduku likafungwa mpaka kengele ya kutoka. Hata nyumba iungue, mshonaji ataambiwa na moshi.

Halafu kulikuwa na habari ya ufunguo. Kibibi alishapoteza funguo mbili ndani ya muhula mmoja. Wa kwanza hakuna aliyejua ulikokwenda. Wa pili aliuacha kwenye bomba la shule alipokuwa ananawa. Mara mbili fundi alikuja kubadili kitasa. Kola akasema, "Ufunguo basi. Huyu mtoto mkono wake unavuja."

Akatafuta njia nyingine. Mama Pacha, aliyekaa cherehani ya jirani na kushona mifuko ya mashati, alikuwa na kaka anayefuga ng'ombe nje ya mji. Mbwa wake wa kuchungia alikuwa amezaa.

"Chukua mmoja," Mama Pacha alimwambia. "Hao wana akili kukushinda wewe na mimi. Mlango hata uuache wazi, nani ataingia?"

Na hilo ndilo Kola alilofanya, neno kwa neno. Mbwa alipokuwa mkubwa wa kutosha kutisha mtu, ikawa mlango haufungwi kwa ufunguo. Unarudishwa tu, mbwa yuko ndani, na Kibibi akirudi anashusha mkono wa kitasa anaingia. Mgeni mwenye nia mbaya atakutana na meno. Kola aliona amepata mlinzi asiyepotea wala kusahaulika kwenye bomba.

Mbwa walimwita Mshale. Alikuwa mweusi, kifua cheupe, sikio moja limesimama na lingine limelala, kama mtu anayesikiliza huku hajaamua kuamini. Lakini alikuwa mbwa wa kazi, na ndani ya vyumba viwili hapakuwa na kazi. Basi akajitafutia. Alikusanya viatu vyote vya nyumba katikati ya sebule akalala mbele yake kuvilinda visitawanyike. Kibibi akipita, alimsukuma kwa pua kwenye visigino mpaka kwenye kona. Asipopata cha kukusanya, alikimbia: kutoka jikoni hadi dirishani, dirishani hadi jikoni, kucha zikilia sakafuni. Alitafuna mguu wa kochi. Alitafuna fagio, akabakiza mpini.

Kola aliamka saa kumi na moja alfajiri amtembeze nusu saa kuzunguka maegesho ya magari, kisha akarudi mbio kuoga na kuchemsha chai. Akishaingia, kamba ya mbwa aliitundika palepale, kwenye mkono wa kitasa cha mlango, ili kesho isitafutwe. Alikuwa mtu wa kila kitu mahali pake. Naomba kamba hiyo tuikumbuke.

Kisha, wakati wa kumsuka Kibibi nywele, yalikuja mafunzo ya kila siku.

"Usipande lifti na mtu usiyemjua."

"Ndiyo, mama."

"Jiko usiguse. Na ukikuta mlango uko wazi, usiingie, hata kama unaona madaftari yako mezani. Geuka, nenda mahali penye watu na mlinzi, ukae hapo mpaka nije."

"Utajuaje nilipo?"

"Mama hujua. Shika kichwa sawa."

Aliyekuwa wa kwanza kulalamika ni Nesi wa ghorofa ya tatu, chini yao kabisa. Nesi alifanya kazi usiku hospitalini na kulala mchana, au tuseme alijaribu kulala. Alipanda ngazi Jumamosi moja na gauni la kulalia, macho mekundu.

"Mama Kibibi, mimi sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza. Huko juu mnafuga mbwa au farasi?"

"Dada, nisamehe. Mimi nikiwa hapa ametulia kabisa."

"Ukiwa hapo! Mimi naongelea saa tano ya mchana. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wahenga hawakulala chini ya mbwa wako. Hizi zikifika ukingoni zinarudi."

Kola aliomba radhi, na kiwandani akaomba ushauri. Mama Pacha akasema ampe mfupa. Mshale akala mfupa, mfuko wake, na kona ya zulia ulipowekwa. Mama Pacha akasema basi amwashie redio imliwaze. Wiki iliyofuata Nesi hakupanda juu. Alishuka chini moja kwa moja kwa mtunza jengo.

Mtunza jengo wapangaji walimwita Daftari, kwa sababu hakuna alichokiamini kabla hakijaandikwa. Alimsubiri Kola karibu na lifti.

"Mama Kibibi, lalamiko la pili hili; la Jumamosi nalo nimeliandika. Anasema sasa analala na mbwa pamoja na taarifa ya habari. Sheria ya jengo unaijua. Likiingia la tatu, mnyama anatoka ndani ya siku saba."

"Mzee, nitafanyaje? Yule ndiye anayenilindia mtoto."

"Mimi sina neno na mbwa wako. Mimi ni daftari tu."

Tangu siku hiyo Kola alitembea na lile lalamiko la tatu kichwani kama mtu aliyebeba beseni la maji limejaa pomoni. Likimwagika, mbwa anaondoka, na mbwa akiondoka, Kibibi atakaa masaa matano peke yake nyuma ya mlango usiofungwa. Akaanza kuamka saa kumi na nusu badala ya saa kumi na moja. Akaanza kusinzia kwenye cherehani. Siku moja alishona kola mbili kwenye shati moja, na supavaiza, mwanamke asiyecheka ovyo, akalinyanyua juu wote waone. "Huyu atakayelivaa ana shingo ngapi?"

Ikawa Jumanne. Mvua ilinyesha alfajiri, na Mshale hakupata ila dakika kumi za kuzunguka maegesho. Kola akatundika kamba, akamkumbatia mtoto, wakatoka wote wawili, mlango ukarudishwa. Akashona kola mpaka saa kumi na moja jioni. Kengele ikalia, akachukua simu yake kwenye kitundu, akapanda basi jeupe la wafanyakazi. Alipotoka kwenye lifti ghorofa ya nne, aliona mlango wake umefunguka wote.

Redio ilikuwa inaongea peke yake kwa sauti ya chini. Televisheni ipo, jiko lipo, hata sarafu za kwenye kikombe zipo. Kamba ya mbwa ilikuwa imelala kizingitini, ncha yake ina alama za meno. Mbwa hayupo. Begi la shule halipo. Mtoto hayupo.

Aliita mara tatu. Kisha hakungoja lifti, akashuka ngazi na kugonga mlango wa Nesi kwa viganja vyote viwili.

Nesi alifungua akiwa tayari amevaa sare ya kazi. Alikuwa anatabasamu. "Mama Kibibi! Leo nimelala kama mtoto mchanga. Tangu saa nne, kimya. Nikajua umeshamtoa, nikataka kuja kukushukuru—" Akaona uso. "Nini?"

"Kibibi hayupo."

Tabasamu likaisha. Nesi alichukua mkoba wake na kufunga mlango bila kuuliza la pili, wakateremka kwa Daftari.

"Mbwa nilimwona," Daftari alisema. "Saa nne. Alipita hapa mbio, nikadhani kuna mtu anamfuata ameshika kamba. Nikamsubiri huyo mtu. Hakuja."

"Ukakaa tu?" Nesi alimuuliza.

"Ningefanya nini? Kupita si lalamiko."

"Na mtoto?"

"Mtoto alirudi saa saba na nusu, mbwa yuko naye. Wakapanda. Wakashuka tena upesi. Nikamwuliza, 'Mbona mbio?' Akasema, 'Shikamoo, nafuata alivyosema mama.'"

Kola aliposikia hayo akaelewa. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemtoa mtoto nyumbani. Mbwa kutoroka alitoroka, akaenda shuleni kwa kunusa au kwa kukumbuka, akamngoja Kibibi getini. Wakarudi pamoja wakakuta mlango wazi. Na mtoto mtiifu hakuingia kuona kwamba hakuna mwizi. Aligeuka, kama alivyofundishwa kila asubuhi huku akisukwa.

"Nilimwambia aende penye watu na mlinzi," alisema.

"Zahanati," Nesi akasema, na wakaenda.

Mlinzi wa zahanati alikumbuka mara moja. "Alikuja, ndiyo, na mbwa amemfunga kwa mkanda wa sketi. Nikamwambia, mtoto pita ukae, mbwa abaki nje. Akasema hawezi kumwacha, atapotea. Nikamwambia basi, na wewe huwezi kuingia."

"Ukamwacha aende?"

"Mama, hapa kuna wagonjwa. Ningeingiza mbwa?"

Mlinzi wa benki alikuwa amesema hivyohivyo. Wa duka kubwa la kona alisema hivyohivyo, na akaongeza neno moja: mtoto alielekea barabara kubwa. Hiyo ilikuwa saa tisa. Sasa ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, na jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya mapaa.

Walisimama ukingoni mwa barabara kubwa, malori yakipita na kuwapepea nguo. Nesi alikuwa ameshachelewa kazini na hakulisema. Kola alikuwa anatazama lami, sehemu baada ya sehemu, na hakuthubutu kusema anachotafuta pale. Ndipo simu yake ikalia. Alikuwa supavaiza, ambaye katika miaka yote hakuwahi kumpigia mtu.

"Kola. Wewe una mtoto wa kike?"

"Ninaye! Ninaye!"

"Ana mbwa mweusi?"

"Ndiyo!"

"Njoo uwachukue. Wako getini. Mtoto hana neno, ila watu wangu wa zamu ya usiku hawajaingia. Mbwa amewakusanya ukutani na hataki atoke mmoja."

Nesi alisimamisha teksi.

Getini palikuwa kama alivyosema. Wanawake kumi na kitu walikuwa wamesongamana pembeni ya ukuta, wanacheka, na kila aliyenyanyua mguu Mshale alizunguka nyuma yake kwa nusu duara na kumrudisha kwa wenzake. Mbwa alionekana ana raha ambayo hakuwahi kuwa nayo sebuleni. Kibibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi, viatu amevua, kisigino kimoja kimechunika.

Kola alimshika kichwa, mabega, mikono, kama anayehesabu kama vipo vyote. Kisha akaanza kugomba, kwa kuwa machozi yalikuwa karibu na ugomvi ulikuwa karibu zaidi.

"Umefikaje huku? Nani amekuleta?"

"Nimetembea. Kila mahali penye mlinzi walikataa mbwa. Nikakumbuka na kazini kwenu kuna watu na mlinzi."

"Njia umejuaje?"

"Basi lenu jeupe. Kila siku linakuja kwa kule. Nikafuata linakotoka."

"Na barabara kubwa?"

"Nilivuka na watu. Nilisubiri mpaka wapatikane." Mtoto alimtazama. "Nilipofika wakasema umeshaondoka. Lakini sikulia. Nikasema utajua nilipo. Si ulisema mama hujua?"

Kola alitaka kuitikia ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Sikujua, mwanangu," akasema. "Sikujua kabisa."

Usiku ule Mshale alikunywa maji, akajitupa karibu na kochi, akalala. Hakukusanya viatu wala hakukimbia. Kola alikaa akimtazama ubavu unavyopanda na kushuka, na kichwani akawa anapiga hesabu. Shule mpaka nyumbani, nyumbani mpaka zahanati, benki, duka, halafu saa mbili nzima za mguu hadi kiwandani, halafu kuchunga zamu ya usiku. Kumbe hicho ndicho kipimo chake. Yeye amekuwa akimpa nusu saa ya maegesho, na siku za mvua dakika kumi, kisha anamfungia na kumlaumu kwa kutafuna fagio.

Asubuhi walipata jibu la mlango. Kola alirudi kutoka kutembeza mbwa, akatundika kamba kwenye kitasa kama kawaida, akaingia jikoni kubandika chai. Akasikia "ta!" Akachungulia. Mshale alikuwa ameng'ata ncha ya kamba, amekaa nyuma kwa uzito wake wote. Mkono wa kitasa ukashuka, mlango ukamfuata ndani. Akageuka kuwatazama, mkia unapiga huku na huku, anasubiri asifiwe.

"Mwizi wetu huyo," Kibibi alisema.

Kola hakucheka mpaka alipokuwa kwenye basi, na hapo alicheka peke yake mpaka jirani akasogea.

Daftari alikuwa amefungua ukurasa, kalamu mkononi, Nesi aliporudi kutoka kazini. "Kuna lalamiko la jana?"

"La jana halipo," Nesi alijibu. "Jana nililala. Niulize kesho."

Kwa hiyo lalamiko la tatu halikuandikwa. Mbwa angeweza kukaa. Ndiyo maana Kibibi hakuelewa, jioni ile, mama alipomwambia kwamba Jumapili watamrudisha Mshale kwa kaka wa Mama Pacha.

"Lakini hawajamfukuza!"

"Hawajamfukuza. Ni mimi."

"Nitamtembeza mimi. Nitaamka saa kumi."

"Na utalala saa ngapi? Darasani?" Kola alikaa kitako sakafuni, usawa wa mtoto. "Nilimleta akulinde. Jana nani alimlinda mwenzake? Milango mitatu ilikuwa tayari kukupokea, ukakaa nje kwa ajili yake. Yeye hana kosa. Kosa ni langu, nilitaka mbwa afanye kazi ya ufunguo."

Kibibi hakumsemesha mama yake siku tatu, na Kola alizistahimili. Wewe unayesoma hapa, unayetoka asubuhi na kurudi jioni, na moyo unakutuma kutafuta mbwa wa kukaa na nyumba, usiulize kwanza kama anabweka vizuri. Uliza yeye naye atatoka saa ngapi, na nani, na kwenda wapi. Ukikosa jibu, mwache aliko.

Jumapili walifika kwa mfugaji. Kibibi alimfungua Mshale kamba mwenyewe. Mbwa alisimama kidogo, sikio moja juu, akaona ng'ombe wametawanyika kwenye nyasi, akaondoka kama jina lake. Mama yake mzazi, mbwa mzee wa pale, alinyanyuka akaenda naye. Ndani ya muda mfupi kundi lilikuwa limesogea pamoja.

"Hata hakugeuka," Kibibi alisema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza tangu Jumatano.

"Angegeuka ningemrudisha nyumbani," Kola alimjibu, "na tungekosea tena."

Kamba walirudi nayo. Kola aliikata kipande kwa mkasi wa kazini, akakipitisha kwenye tundu lililo kichwani mwa ufunguo mpya, akashona ncha mbili kwa mshono wa kola, ule usiofumuka, akamvisha mtoto shingoni ndani ya shati.

"Nikiupoteza?"

"Utamgongea Nesi, ukae kwake mpaka nije. Hata akiwa amelala. Amesema ameshazoea kuamshwa kutoka juu, kuamshwa kwa mlango si kitu."

"Na nikikuta uko wazi?"

Kola alifikiri. "Kwa Nesi vilevile. Usiende mbali."

Jumatatu simu iliingia kwenye kitundu chake, sanduku likafungwa. Ilipofika saa saba na nusu, Kola alikuwa katikati ya kola ya dereva. Mguu wake ulisimama juu ya pedali bila kukanyaga. Ghorofa ya nne, kwa hesabu yake, ufunguo ulikuwa unaingia kitasani, au haukuwa unaingia. Hapakuwa na njia ya kujua mpaka saa kumi na moja.

"Kola," supavaiza aliita kutoka mwisho wa safu. "Cherehani imeharibika?"

"Haijaharibika."

Akakanyaga.